Kiambaza cha Darini

Nilipima mlango ule mara nne. Nalikiri hilo kwanza kwa sababu ndilo linalonitia aibu zaidi: umakini wangu wote niliumalizia kwenye kitu kisichokuwa na hatari.

Kaka yangu alikuwa anaoa baada ya Idi, na nafasi pekee iliyobaki katika nyumba yetu ya Mambrui ilikuwa nusu ya nyuma ya dari, pale chini ya mabati tunapoweka majamvi, masanduku na masufuria ya shughuli. Nusu ya mbele ina ngazi ya kutoka uani. Ya nyuma haina njia ila tundu lenye ngazi linaloshukia chumbani kwa bibi yetu. "Basi bibi harusi apite juu ya kitanda changu," alisema bibi, "tuamkuane kila akienda chooni." Ikabidi tutoboe mlango kwenye kiambaza kinachotenga nusu hizo mbili.

Kiambaza. Kwetu ukuta ni ukuta, na kiambaza ni kile chembamba cha fito na udongo, cha kutenga tu. Tangu utotoni nilitumwa hivyo: kaniletee jamvi, liko nyuma ya kiambaza. Kwa hiyo kaka aliponiuliza kama ni salama, sikufikiri.

"Ni kiambaza hicho," nikamwambia. "Hakishiki chochote."

Mimi si fundi wa kusomea. Useremala nimejifunza kwa video za simu na kwa kuharibu vitu vya nyumbani, na kwa kuwa ni msichana, kila kazi naifanya kana kwamba kuna mtu amesimama nyuma yangu akingoja nikosee. Fremu niliichonga mwenyewe kwa siku tatu. Pembe zake zilikaa sawasawa, pimamaji haikuyumba. Sikuinua macho kuangalia kilichokuwa juu.

Alhamisi asubuhi nilianza kubandua plasta kwa upande wa nyuma. Nilitarajia fito, nyundo ikagonga jiwe. Nikajiambia huenda ni jiwe moja la kuzibia, nikalitoa, nikatoa na la pili. Nilipotoa la tatu, vumbi la chokaa lilianza kunimwagikia shingoni, laini kama unga uliochekechwa, nami sikuwa nimegusa kitu huko juu. Niliweka nyundo chini. Vumbi likaendelea.

Nikapanda juu ya sanduku, nikamulika kwa simu. Boriti zilizotoka upande wa bahari zilikomea juu ya ukuta ule. Zilizotoka upande wa barabara zilikomea papo hapo. Hakuna hata moja iliyovuka. Zote zilikuwa zimelaliana vichwa juu ya kitu nilichokuwa nikikitoboa, na paa zima juu yake. Kutoka kwenye shimo langu ufa mwembamba ulikuwa umepanda kuzifuata, mweupe, mpya.

Chini yake hasa ndipo kilipo kichwa cha kitanda cha bibi.

Nilishuka kwa lile tundu. Alikuwa ameketi kitandani akichambua mchele kwenye sinia.

"Bibi, kiambaza cha juu si cha fito?"

"Kilikuwa. Babu yako alikijenga upya kwa mawe tulipotoa makuti tukaezeka mabati. Boriti alizopata zilikuwa fupi."

"Mbona basi mwakiita kiambaza?"

"Tukiiteje? Wewe ulipozaliwa uliitwa mtoto, na leo na urefu huo wote bado waitwa mtoto." Akanitazama kichwani. "Mbona umeota mvi, mke mwenzangu?"

Hunitania hivyo tangu nikiwa mdogo, kana kwamba sote wawili tuliolewa na babu. Nilitaka kumwambia asilale pale. Nikamwambia ni vumbi tu. Kosa la kwanza lilikuwa la kutojua. Hili la pili nilijua.

Nikarudi juu, nikayarudisha mawe matatu kwa chokaa, nikagandisha kipande cha karatasi ya daftari juu ya ufa. Ufa ukisogea, karatasi huchanika. Niliinyoosha mpaka haikuwa na mkunjo hata mmoja, kana kwamba kuna atakayenipa alama.

Asubuhi ya Ijumaa karatasi ilikuwa imechanika katikati. Na bibi alikuwa amelala chini yake.

Niliwakuta kaka na bibi wakinywa chai. "Ule si kiambaza," nikasema. "Ndio uliobeba paa, nami nimeutoboa. Jana nilijua nikanyamaza."

Kaka aliweka kikombe chini. "Uliniambia hakishiki chochote."

"Sikuangalia."

"Siku tatu ulikuwa ukipima fremu."

"Ndiyo."

"Mwache," bibi akasema. "Mke mwenzangu alitaka arithi peke yake." Lakini hakumaliza chai yake.

Kaka alimpigia simu mwashi mmoja wa Jilore. Alisema atafika Jumamosi, na hadi hapo mtu asipande darini wala asigonge hata msumari. Tukajaribu kutoa kitanda cha bibi, kikakataa kupita mlangoni. Kiliundiwa humo humo chumbani. Akakiacha, akatandika mkeka na godoro ukumbini. Niligandisha karatasi ya pili nikiwa nimesimama kwenye ngazi ya chumbani kwa bibi, nimetoa kichwa na mikono tu kwenye tundu, na kwa haraka ikakaa upande.

Jumamosi nilichungulia tena kabla ya mwashi kufika. Niliposhuka, bibi alikuwa ameshaamka.

"Ukuta umesemaje?" akauliza.

Sikuwahi kumsikia akiuita hivyo. Karatasi ilikuwa imeanza kuchanika upande mmoja, upana wa ukucha. Nikamwambia vivyo hivyo, upana wa ukucha.

Akatikisa kichwa, akakunja mkeka wake, akausogeza karibu na mlango wa mbele. Kisha akaniambia nikaufungue mlango, na nisiufunge tena, tupate pa kutokea.