Nusu Sauti Chini

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai niliambiwa nisiguse gitaa. Kampuni yetu ilikodisha mitambo ya muziki kwa mahoteli na klabu, na ghala lake lilikuwa Dubai Investments Park, limejaa makasha meusi yenye magurudumu na kona za chuma. Mkuu wa Ghala aliniuliza kwetu nilikuwa nafanya kazi gani. Nikamjibu kwa kifua mbele kwamba nilikuwa fundi wa vyombo wa bendi ya dansi Tanga, na magitaa yote yalipita mikononi mwangu.

"Mashallah," akasema. "Hapa utabeba makasha. Yalla, anza."

Nikabeba. Miaka miwili nilibeba, asubuhi nikichukuliwa na basi la kampuni kutoka kambi ya wafanyakazi ya Muhaisnah na jioni nikirudishwa mgongo ukiwaka moto. Lakini hata kubeba kuna ufundi wake. Waya wa sauti, kwa mfano, hauzungushwi kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Unalaza pete moja kwa ndani na inayofuata kwa nje, na siku ukiutupa jukwaani unafunguka wenyewe bila fundo hata moja. Nyaya zangu zilifunguka hivyo, watu wakaona, nikahamishwa ghalani nikapelekwa jukwaani.

Huko bosi alikuwa Meneja wa Jukwaa, mtu wa Beirut aliyevaa saa mbili mkononi na asiyeiamini hata moja. Alikuwa mkali, lakini kazi aliijua, na kila nilipomwomba anipe magitaa alinijibu neno lilelile: "Inshallah." Aliyefanya kazi Ghuba anajua hiyo maana yake ni usitegemee.

Ndipo wakaja Waskoti.

Nyinyi vijana hamwajui. Walikuwa wanne, wote wa mji mmoja wa Uskoti uliokuwa ukijenga meli, na walianza kupiga wakiwa wanafunzi kwenye ukumbi wa kanisa. Miaka ya themanini nyimbo zao zilisikika redioni mpaka kwetu Tanga. Walikuwa na magitaa mawili yaliyojibizana, besi nzito, na mwimbaji, mwenye gitaa moja kati ya hayo, aliyepanda juu mpaka ukamwonea huruma. Kisha mitindo ikageuka, wakagombana, wakatawanyika. Mpiga ngoma akawa seremala, mwimbaji akaendesha basi la abiria. Miaka ya elfu mbili ilipofika, mashabiki wao wakawa watu wazima wenye vitambi na kazi nzuri Dubai, wakawataka tena. Mimi sikushangaa. Bendi yetu Tanga ilivunjika kwa ugomvi wa mashati ya sare, ikarudiana kwenye harusi.

Onyesho lilikuwa Ijumaa jioni kwenye uwanja wa majani wa hoteli. Asubuhi yake fundi wao wa magitaa aliugua tumbo, hawezi hata kuinuka kitandani. Meneja wa Jukwaa akazitazama saa zake zote mbili, kisha akanitazama mimi.

"Wewe wa Tanga. Leo magitaa ni yako. Ukiharibu, khalas, unarudi kwenye makasha mpaka visa yako iishe."

Rafiki yangu wa Mombasa, tuliyelala naye chumba kimoja, akanicheka. "Sasa umekuwa daktari wa magitaa, buda? Usiue mgonjwa."

Nilisubiri makasha yazoee joto kabla ya kuyafungua, maana gitaa likitoka kwenye kiyoyozi likaingia ghafla kwenye unyevu wa nje, mbao hujikunja. Nikayafungua, nikayapima kwa kipima sauti, kile kidude chenye mshale kinachoonyesha kama uzi umekaa mahali pake. Yote yalikuwa yamelegea nusu sauti, yaani hatua moja ya kidole kwenye shingo ya gitaa. Nikasema, joto hilo. Nikakaza nyuzi zote, moja baada ya moja, mpaka mshale ukasimama katikati. Nilijisikia mfalme.

Hapo ndipo nilipokosea, na fundi asiyekuwa na haraka ya kusifiwa asingekosea. Gitaa moja likilegea, ni joto. Magitaa yote na besi yakilegea kwa kiasi kilekile, hilo si joto. Mtu ameyaweka hivyo kwa makusudi.

Alasiri Waskoti walipanda kufanya majaribio. Wenye hoteli na wadhamini walikuwa wamekaa mbele wanatazama. Mwimbaji alianza wimbo wao mkubwa, akafika pale pa kupanda, na sauti ikakatika. Akarudia. Ikakatika tena. Akashika koo, akayatazama magitaa, kisha akanitazama mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyevuliwa nguo hadharani.

Nikaelewa. Sauti ya kijana wa ishirini haikai kwa mtu wa hamsini. Walikuwa wanashusha nyuzi nusu sauti ili aweze kupanda bila watu kujua, na fundi wao tu ndiye aliyeitunza siri hiyo.

Meneja wa Jukwaa alikuja mbio. "Nani amegusa magitaa?"

"Mimi, sir."

Akachukua kipima sauti, akapima gitaa la kwanza. Mshale katikati. La pili, katikati. "Magitaa ni sawa kabisa," akasema, tena kwa sauti kubwa. "Basi tatizo ni nini?" Na wale wadhamini wakageuka wote kumtazama mwimbaji.

Nilikuwa na haki mkononi. Kazi yangu ya kwanza ya ufundi baada ya miaka miwili ya makasha, na kipimo kilikuwa kinanishuhudia mbele ya bosi. Ningenyamaza tu, ningepona. Moyo uliniuma, nisiwadanganye.

"Kipima sauti hiki kimeharibiwa na joto, sir," nikasema. "Nimekosea mimi. Magitaa nimeyapandisha mno, hakuna mwimbaji anayeweza kuimba hapo. Nipe dakika ishirini."

Alinitukana kwa Kiarabu na Kiingereza, mbele za watu wote. Nikainama, nikazishusha nyuzi zote kwa sikio, bila kipimo, kama tulivyofanya Tanga. Walipoanza tena, mwimbaji alipanda akafika juu na akakaa huko. Jioni ile watu wazima na vitambi vyao walilia kama watoto.

Kesho yake nilirudishwa kwenye makasha, kama nilivyoahidiwa. Wiki haikuisha, Meneja wa Jukwaa akaniita.

"Waskoti wanarudi mwakani," akasema. "Mwimbaji anasema bila wewe hapandi jukwaani. Umempa nini?"

"Dakika ishirini tu, sir."

Tangu hapo magitaa yakawa yangu, ya Waskoti na ya kila bendi iliyokuja. Waskoti walikuja mara nne zaidi. Mwimbaji hakuwahi kulitaja jambo lile. Kabla ya kila onyesho alinionyesha kidole kimoja, nami nikashusha hatua moja. Mara ya mwisho alionyesha viwili, akacheka, akasema, "Mzee, hii ni siri yako na yangu mpaka nitakapoacha kuimba."

Nimestaafu, niko Tanga. Nimefanya kazi na watu wakubwa, na hakuna aliyepanda jukwaani kwangu akaaibika. Hilo nalisema bila haya.

Mwezi uliopita lilifika kasha jeusi lenye kona za chuma. Ndani mlikuwa na gitaa la kwanza la yule mwimbaji, la tangu ukumbi wa kanisa, na karatasi yenye maneno machache: "Nimeacha. Sasa unaweza kusema."

Nyuzi zilikuwa zimelegezwa kwa ajili ya safari. Nilikaa nalo barazani, nikazikaza kwa sikio taratibu. Zilipofika pale nilipomwachia mara ya mwisho, mkono ukasimama wenyewe. Kisha nikaongeza hatua mbili, mpaka juu, pale alipoanzia akiwa kijana, nikaziacha hapo.