Jina la Ukoo Wangu Juu ya Mikeka ya Halima

Kosa ni langu. Mjukuu wangu amelibeba mwaka mzima, na mimi namtazama tu kama mtu asiyehusika.

Mimi ni nyanya wa mtaa wa Waberi, hapa Garissa. Kusoma nilijifunzia ngumbaru, uzeeni, kwa hiyo nivumilieni. Tuna kikundi cha akina mama tunaosuka mikeka. Anayetushinda sote ni jirani yangu Halima, aliyetoka Mandera. Ukoo wake si wangu.

Mjukuu wangu Hodan anasomea kompyuta Nairobi. Mtaa mzima unajua, kwa sababu niliutangazia mwenyewe. Likizo moja akasema atatutengenezea tovuti, ndugu zetu walio ng'ambo waone mikeka waagize. Ila kwanza tuchague jina, lile ambalo mtu analiandika kwenye kompyuta ndipo atufikie. Tukakaa uani kwa Halima, tukakubaliana: Mikeka ya Waberi.

Moyo wangu haukukubali. Kwetu ngamia hupigwa alama ya ukoo kwa chuma cha moto. Akipotea, alama inamrudisha. Nikasema, mali hii nayo inakwenda mbali, iende na alama yetu. Asubuhi Hodan akiondoka, nikamwambia mlangoni kwamba akina mama wamebadili nia, aandike jina la ukoo wetu.

"Ayeeyo," akaniuliza, yaani nyanya kwa Kisomali chetu, "wote wamekubali? Hata Halima?"

"Mimi ndiye niliyemzaa mama yako. Nitakudanganya?"

Nilimdanganya.

Jamaa za Halima huko ng'ambo wana tovuti zao za kupashana habari. Walikuwa wameahidi kututaja humo, mtu akibonyeza jina letu aletwe moja kwa moja kwetu. Bila hao nani angetutafuta, nyanya wa Waberi? Basi walipoona jina la ukoo mwingine, na chini yake picha za mikeka wanayoijua ni kazi ya Halima, wakasema hawa ni wezi. Hakuna aliyetutaja. Ngamia mwenye alama ya wengine humwingizi zizini kwako. Hilo nalo nalijua tangu utotoni, sijui siku ile nililiweka wapi.

Wakampigia Halima simu dukani kwake. Akaja kwangu, akakataa kuketi.

"Abaayo, dada yangu, mikono iliyosuka ni yangu. Jina la watu wenu limetoka wapi?"

Nikajibu, "Ni Hodan huyo. Watoto wa Nairobi hawasikii."

Akarudi dukani, akampigia Hodan simu, akamfokea mtoto wa watu mbele ya wateja. Hodan hakunitaja. Alisema tu, "Nisamehe, ayeeyo Halima," akalibadili jina. Lakini wale wa ng'ambo walikuwa wameshaambiana, na mpaka leo hawatuamini. Halima akaacha kikundi. Likizo hii Hodan amebaki Nairobi, eti ana kazi nyingi.

Wewe unayetaka kupeleka kazi ya wengi kwenye mtandao, jina lichaguliwe mbele ya kila mkono ulioifanya, na lisiguswe mlangoni wenyewe wakiwa hawapo. Mgeni huliona jina kabla hajauona mkeka. Akilitilia shaka, mkeka hataufikia.

Halima hajui kusoma. Gazeti hili ninaloliandikia likitoka nitampelekea, nimsomee mwenyewe kwa sauti. Nikifika pale nilipoandika kwamba nilidanganya, sitaruka.