Sungura Asiyejua Kirusi

Nimepiga piano katika chekechea hii tangu enzi za lile pazia jekundu la ukumbini, na kama kuna kitu ninachokijua vizuri hapa ni magoti ya Rimma Osipovna. Yanalia. Akichuchumaa kuwa chura, goti la kushoto linatoa mlio. Akiinuka kuwa twiga, la kulia linajibu. Watoto hudhani ni sehemu ya mchezo. Mimi hubonyeza piano kwa nguvu zaidi ili watu wa korido wasisikie.

Rimma Osipovna ndiye anayewafundisha Kiingereza watoto wetu wa miaka mitano na sita. Hana vitabu vya kuwapa, maana hata Kirusi chao hawajajua kukisoma. Ana mpira, ana kamba, ana mfuko wa mboga za plastiki, na ana sungura. Kila neno lina mruko wake, hiyo ndiyo njia yake. Akitaja nyekundu, mnaikimbilia. Akitaja bluu, mnalala chini kifudifudi. Akisema treni, wote wanashikana viuno na kuzunguka ukumbi wakipuliza, yeye mbele, mwanamke wa miaka sitini na kitu mwenye sketi ya sufu, na mimi nawapigia polka, muziki wa kurukaruka. Halafu anavaa koti, anapanda basi, anakwenda kuwa treni katika chekechea nyingine ng'ambo ya mto uitwao Kama. Jioni anarudi kwa mama yake, bibi kizee asiyelala usiku wala kumwacha mwenzake alale.

Mimi Kiingereza sijui. Shuleni tulifundishwa Kijerumani, nacho nimeshakisahau. Lakini mtu hawezi kukaa ukumbini miaka yote hii asiokote maneno mawili matatu, hata kama hataki.

Sasa huyo sungura. Anaitwa Mista Edwin. Ni wa kuvaa mkononi, na sikio lake moja limeshonwa upya kwa uzi usiofanana na manyoya. Watoto humwita Edik, kwa Kirusi, kama vile ni mtoto wa jirani wa ghorofa ya tatu. Habari zake wanazijua wote: ametoka London, anaogopa baridi, uji wa semolina hautaki hata kuuona, na Kirusi hajui. Hajui hata neno moja. Ukimsemesha Kirusi anainamisha kichwa, anajikuna sikio, anakutazama kwa huruma, mpaka umwambie kwa lugha yake.

"Nonna Yakovlevna," Rimma aliwahi kuniambia, "mtoto si mjinga. Kwa nini aniombe mpira kwa Kiingereza mimi, aliyeniona jana dukani nikichagua kabichi? Ataniona nimerukwa na akili. Lakini Edik, mtoto anamhurumia. Anahangaika kutafuta neno ili tu Edik aelewe. Siku sungura akijua Kirusi, mimi sina kazi."

Mwezi Machi mwaka huu maneno hayo yalikaribia kutimia. Mkuu wetu, Alla Germanovna, mwanamke mwenye haraka ya maendeleo, aliweka ukutani skrini kubwa kuliko dirisha, na akampata kijana mmoja kutoka mjini mwenye katuni zinazoongea Kiingereza zenyewe, mwalimu akibonyeza tu. Alitutangazia kwamba Jumamosi kutakuwa na somo la wazi: wazazi watakaa nyuma, watazame watoto na sungura wao, na baada ya hapo ataamua Septemba ijayo darasa liende kwa nani.

Nilimwambia Rimma aiache kazi. Pensheni anayo, magoti hana, anangoja nini?

"Nikae nyumbani nifanye nini?" alinijibu, akijisugua goti. "Nimsikilize mama akigombana na redio? Nonna Yakovlevna, siku nzima hakuna mahali ninapoingia mtu akafurahi. Hapa tu. Nikifungua mlango wanapiga kelele mpaka masikio yanauma. Kelele hizo nikizikosa, basi tena."

Mimi watu hawapigi kelele za furaha nikiingia, hata nyumbani kwangu.

Jumatano ndipo mambo yalipoharibika. Watoto walikuwa wametoka kwenye usingizi wa mchana, mashavu yamepigwa mistari na mito. Rimma alikuja amechelewa, macho mekundu. Usiku kucha mama yake alikuwa akimwita aje afungue dirisha, halafu aje alifunge. Wakacheza kujificha. Edik alipaswa kuwatafuta chini ya meza, nyuma ya pazia, chini ya piano yangu, akiuliza kwa Kiingereza uko wapi, uko wapi, nao wanamjibu niko hapa. Chini ya piano Rimma aliingia kwa magoti yote mawili. Kutoka ilikuwa shida. Alishika mguu wa kiti changu kwa mkono mmoja, akajivuta, akaegemea piano, mkono wenye sungura uko juu mbele ya watoto wote.

"Ee Mungu wangu," akasema, "nimechoka. Nimechoka jamani."

Akasema kwa Kirusi. Na mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ukasogea sawasawa na maneno. Mdomo wa sungura ukafunguka na kufungika, neno kwa neno, kama kawaida yake.

Demid, mtoto wa mwenye duka la matairi, mwenye sauti ya kuita ng'ombe mtoni, ndiye aliyeanza.

"Edik anajua Kirusi!"

"Uongo!"

"Nimemsikia! Amesema Kirusi! Alikuwa anatudanganya!"

Ustinya, msichana mdogo wa nywele nyeupe ambaye kila siku huvaa viatu vyake vya ndani kinyume, hakusema hivyo. Alimtazama sungura muda mrefu. "Amechoka," akasema.

Rimma alibadilika rangi. Hakujaribu hata kuweka sawa. Alimtumbukiza Edik mfukoni kichwa chini, akawaambia watoto waende wakanywe kefir, maziwa yao ya mgando, na yeye akatoka.

Nilimkuta chumba cha makoti, amekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamefika kidevuni, amezungukwa na visuruali vya theluji vilivyoning'inia kukauka.

"Nimekwisha," akasema.

"Acha hizo, Rimma Osipovna. Ni watoto. Kesho watakuwa wamesahau."

"Wewe umewahi kuona mtoto anasahau kitu kama hicho? Jumamosi nitamtoa mfukoni, Demid atamsemesha Kirusi mbele ya baba yake, na wote watafuata. Watakuwa na haki. Nani atahangaika na Kiingereza kwa ajili ya mtu anayeelewa kila kitu na kujifanya haelewi?"

"Basi nunua sungura mwingine. Sema huyu karudi London."

Alinitazama vibaya. "Nimtupe Edik?"

"Mimi nasema tu."

"Wewe usiseme. Piga piano."

Nilikasirika, nikaondoka. Kwa kweli nilijikasirikia mwenyewe, maana nilikuwa nimemwona amechoka mwaka mzima na kazi yangu ilikuwa kubonyeza piano kwa nguvu zaidi.

Alhamisi na Ijumaa Rimma hakuwa na kipindi kwetu. Shangazi Klava, yaya wa kundi lile, alinilalamikia kwamba watoto hawalali mchana. Kwake usingizi wa mchana ni sheria: upande wa kulia, viganja viwili chini ya shavu, macho yamefungwa, kimya. "Wananong'onezana kitanda kwa kitanda," akasema. "Nikiingia, kimya. Nikitoka, wanaanza. Yule Demid wa matairi ndiye kiongozi." Nilidhani wanamcheka sungura. Niliumia moyo, lakini sikumwambia Rimma.

Jumamosi wazazi walikuja na mifuko ya plastiki ya bluu juu ya viatu vyao vya matope, wakabanana kwenye viti vya watoto nyuma ya ukumbi, simu zimeinuliwa. Alla Germanovna alikaa pembeni ya mlango, karibu na skrini yake. Rimma alivaa blauzi yenye lesi. Chini ya sketi niliona goti limefungwa bandeji. Alijikaza kisabuni, akatabasamu, akaingiza mkono mfukoni. Alikawia kidogo kuutoa.

Edik akatokea. Akawaamkia watoto kwa Kiingereza.

Hawakupiga kelele. Watoto wote walikuwa wakimtazama Demid, na Demid alikuwa amebana pumzi mpaka masikio yamekuwa mekundu. Nikajisemea, haya, imekwisha.

Rimma akatangaza mchezo wa amri. Mtoto mmoja anakuwa mkubwa, anatoa amri kwa Kiingereza, na wote, sungura na mwalimu wakiwamo, wanatii. Siku zote amri ni zile zile: ruka, kimbia, zunguka, ruka tena. Demid hakungoja kuchaguliwa, alikwenda mbele mwenyewe. Mimi nikaanza polka.

"Simama!" akapiga ukelele kwa Kiingereza, akininyooshea kidole.

Nikasimamisha vidole. Sijawahi kuamriwa na mtu wa umri ule.

Akamgeukia Edik. "Kaa chini," akasema, kwa Kiingereza bado, polepole, kila neno analichagua. Rimma akapiga hatua akae sakafuni, kama mchezo unavyotaka. "Hapana!" Demid akamkatiza. "Kiti!" Na watoto wawili tayari walikuwa wanakiburuta kiti, si cha watoto, kile kikubwa cha Alla Germanovna cha mikutano, wamekitoa kwenye kona.

Rimma akakaa.

"Lala," akasema Demid. Wengine wakadakia, wote kwa Kiingereza, kila mmoja na kipande chake: funga macho, mikono hapa, lala, Edik, lala. Mmoja akaongeza kwamba hakuna uji. Ustinya alivua sweta lake la manjano, akamfunika sungura, na kwa kuwa sungura alikuwa mkononi mwa Rimma, Rimma naye akafunikwa nusu. Akamlaza Edik upande wa kulia. Akamwekea viganja chini ya shavu.

Nyuma, baba yake Demid alikuwa akimnong'oneza jirani yake kitu juu ya bei za matairi. Ustinya aligeuka, akaweka kidole mdomoni. "Kimya, tafadhali!" akamwambia kwa Kiingereza, mtu mzima yule mwenye shingo nene. Naye akanyamaza.

Halafu akanitazama mimi. "Piano," akasema, akatafuta neno, akalipata. "Polepole."

Nikapiga wimbo wa kumbembeleza mtoto, ule ninaoujua tangu mama yangu akiwa hai. Rimma Osipovna alikuwa amefumba macho kwenye kiti cha mkuu, na machozi yalimtoka pembeni akayaacha yashuke. Watoto walikaa sakafuni wakimlinda. Hakuna aliyeruka. Hakuna aliyesema neno la Kirusi.

Wimbo ulipokwisha, Alla Germanovna alisimama, hajui acheke au akasirike. "Rimma Osipovna, tuliahidi uchangamfu," akasema. "Watoto wamekaa tu."

"Ngoja kwanza," baba yake Demid akasema. "Huyu wangu nyumbani ukimwambia akae, hakai. Leo kaendesha mkutano kwa Kiingereza, na mimi nimefungwa mdomo. Skrini yako ingefanya hivyo?"

Watu wakacheka, wakaanza kusema wote kwa pamoja. Alla Germanovna alisikiliza, akahesabu kichwani upepo unavuma wapi, kisha akatangaza kwamba darasa linabaki na Rimma Osipovna. "Lakini mwakani," akaongeza, "kuruka kuwepo zaidi kidogo."

Rimma alishukuru. Nilimwona anavyoshukuru, mkono juu ya goti. Alikuwa amepata alichokitaka, na alichokitaka kilikuwa mwaka mwingine wa kuwa treni. Nilifurahi kwa ajili yake, na nilimwonea huruma kwa kiasi kile kile.

Ukumbi ukawa mtupu. Kutoka chumba cha makoti zilikuja kelele za zipu na za akina mama wanaotafuta glavu. Rimma bado alikuwa kitini, sungura mkononi, sweta la manjano magotini. Ustinya akaingia mbio kulifuata sweta lake, mguu mmoja una buti, mwingine soksi. Akalichukua. Hakuondoka. Akamsogelea Edik, akamshika sikio lililoshonwa, akalivuta mdomoni kwake, na akanong'ona, kwa Kirusi.

"Edik, hatujamwambia mtu. Hata mama. Na hatutasema." Akavuta pumzi. "Ukichoka, sisi utuambie tu kwa Kirusi. Si lazima utafute maneno."

Ustinya akasubiri, ameshika sikio. Nami nikasubiri, kifuniko cha piano kiko mkononi sijakishusha.

Mdomo wa sungura ukafunguka.

"Asante, Ustinya," akasema, kwa Kirusi. "Nimechoka sana."

"Najua," akasema Ustinya, akampapasa kichwani, akakimbilia buti lake.