Pikapu Aliyoikata Mkwe

Jina alikuwa nalo, alipewa na wazazi wake kama watu wote, lakini pale gereji lilikuwa limeshasahaulika. Baba mkwe wake alimwita mwanangu, shemeji yake alimwita shem, na waliobaki wote, mafundi, wateja, hata mwenye duka la rangi ng'ambo ya barabara, walimwita Mkwe. "Mpelekee Mkwe akuchomelee." "Mkwe yupo?" Mwanzoni alicheka. Baadaye akazoea, na jina la namna hiyo ukishalizoea, kulivua si kazi ndogo.

Alikuwa fundi wa bati na wa kuchomelea. Alimwoa binti wa mwenye gereji akiwa hana mbele wala nyuma, na mzee, kwa roho safi kabisa, akawapa chumba nyuma ya gereji wakati wanajipanga. Wakajipanga humo humo mpaka watoto wawili wakazaliwa na yule wa kwanza akaanza shule.

Chumba chenyewe kilikuwa kizuri siku gereji ikifungwa. Siku nyingine zote, ukuta wa upande wa kitanda ndio huo huo ulioegemewa na kompresa, na ikiwashwa vikombe vilicheza kabatini. Dirisha lilikuwa moja, nalo lilitazama stoo ya vyuma chakavu. Mlango ulifungukia uani, na uani ndiko magari ya wateja yalikolala, kwa hiyo mke wake alishawahi kutoka kwa ubavu, tumbo amelivuta ndani, kwa sababu mtu ameegesha lori mlangoni kwao na kuondoka na ufunguo. Ukisimuliwa utacheka. Mke wake hakucheka.

Na ubaya wa mambo ni kwamba hakuna aliyekuwa mbaya. Mama mkwe alipika chungu kimoja cha nyumba nzima na kumwekea Mkwe sahani yake kabla ya wengine. Mtoto akiugua, mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwasha gari. Utamkasirikiaje mtu wa hivyo? Mkwe hakuweza. Alibaki anakabwa na kitu asichoweza kukinyooshea kidole, anatabasamu, anasema asante baba, asante mama, asubuhi na jioni.

Sasa tuje kwenye pikapu. Ilikuwa ya mzee tangu ujana wake, ya zile za zamani zenye taa za duara na bonde kati ya madigadi na boneti, bati lake nene kiasi kwamba ukiligonga kwa ngumi unaumia wewe. Miaka mingi ilikaa juu ya mawe nyuma ya gereji. Mkwe ndiye aliyeifufua, kipande kwa kipande, kila alipopata nafasi. Siku ilipowaka, mzee alikuwa mezani na familia yote, akasema mbele ya watu, "Siku mtakapopata kwenu, pikapu hii ichukueni ikawafanyie kazi." Kisha akaomba apewe chumvi, na habari hiyo hakuirudia tena.

Hakuirudia, lakini Mkwe aliimeza nzima nzima. Neno hilo moja ndilo lililomsaidia kuvumilia kompresa, stoo na malori ya mlangoni. Mke wake naye hakukaa bure. Alizunguka mpaka akapata fremu ya duka ya kupanga, mbali, kule nyumba mpya zinakojengwa na kila mtu anataka geti na hakuna wa kumchomelea. Nyuma ya fremu kulikuwa na vyumba viwili. Mwenye nazo alikubali kuwangojea mpaka mwezi uishe. Mashine ya kuchomelea Mkwe alikuwa nayo yake. Kilichobaki ni pikapu tu, kwa sababu geti halibebwi kichwani. Fundi wa mageti asiye na gari, kule mbali, ni fundi wa maneno.

"Basi mwambie baba," mke akasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nikimpata ametulia."

Mzee yule alikuwa ametulia tangu azaliwe. Lakini haya, tuendelee.

Kabla Mkwe hajampata ametulia, shemeji mtu akaja na matairi. Huyu alikuwa mdogo wa mke wake, kijana wa mavazi na marafiki, mpole, mcheshi, na hajawahi kushika spana ikamchafua. Aliyaviringisha uani moja moja, matairi mapana kama mito ya kochi, na rimu zake zinameta, akayalaza kando ya pikapu. Alitaka yafungwe nyuma. Tena hakutaka yachomoze nje ya bodi. Alitaka yaingie ndani, yafichike sawasawa na ubavu wa gari.

Mzee akamwita Mkwe. Wakasimama watatu nyuma ya pikapu, mlango wa nyuma umeshushwa, wanatazama lile bodi la kubebea mizigo na zile nundu mbili za bati zinazofunika magurudumu kwa ndani.

"Mwanangu," mzee akasema, "huyu ndugu yako amenikalia kooni na hii pikapu. Anataka tairi hizi. Wewe unaonaje?"

Hapo ndipo alipojichongea. Mtu ameulizwa anaonaje, mchana kweupe, mbele ya shahidi. Angesema: baba, gari hili ulituahidi. Maneno manne, matano. Lakini Mkwe alipoulizwa anaonaje kuhusu gari, jicho la fundi lilitangulia. Akainama, akachungulia chini, akaingiza mkono kati ya springi na tairi, akapima kwa viganja. Akasimama na kujifuta mikono.

"Inawezekana, baba."

"Inawezekana?"

"Nundu zinakatwa, zinasogezwa ndani. Springi nazo zinaingia ndani, ekseli inafupishwa. Inawezekana vizuri tu."

Mzee akamtazama kidogo, kama mtu anayengoja sentensi iishe. Shemeji mtu akampiga Mkwe begani. "Nilijua tu, shem. Wewe ni mwisho."

Jioni ile mke wake aliposikia, aliweka chini nguo aliyokuwa anakunja. "Ukizisogeza hizo nundu, sehemu ya mzigo itabaki ya upana gani?"

Akamwonyesha kwa mikono.

"Geti litakaa hapo?"

"Litakaa juu juu. Lakini springi nazo zitapunguzwa ili gari likae chini. Mzigo mzito halitabeba tena."

"Kwa hiyo unalikata gari letu."

"Bado sijalikata."

"Basi kamwambie baba kabla hujalikata. Mimi ningemwambia, lakini nikimwambia mimi atajua wewe umeshindwa, na wewe utajua hivyo hivyo." Alisema kwa sauti ya chini, kwa sababu upande wa pili wa ukuta palikuwa na watu.

Asubuhi Mkwe alipiga moyo konde kweli. Alifungua bodi, akalitoa kwenye chasisi, akalipandisha kwenye stendi, akachora kwa chaki mstari wa kukata kuzunguka nundu ya kwanza. Mzee akaja na kiti chake, akakaa karibu kabisa, miguu ameinyoosha. Hakuna mteja aliyekuwepo. Shemeji mtu alikuwa bado hajaamka. Ukitaka kumpa mtu nafasi ya kusema jambo, sijui utampa nini zaidi ya hapo.

Mkwe akawasha grainda, akaizima. Akaikagua, wala haikuwa na kasoro.

"Una neno, mwanangu?" mzee akauliza.

Mkwe alikumbuka sahani inayowekwa kabla ya zote, gari likiwashwa usiku mtoto ana homa, chumba cha bure. Aliona jinsi neno lake litakavyosikika: nimekula kwako, nimelala kwako, sasa nipe na gari niondoke na binti yako.

"Hapana, baba. Naangalia tu hili bati, ni nene."

"Nene sana. Siku hizi hawatengenezi."

"Kweli, baba."

Akawasha tena, akakata. Cheche ziliruka mpaka kwenye kiatu cha mzee, na mzee hakuuondoa mguu.

Ningependa kusema kazi ile aliifanya kwa shingo upande. Siku ya kwanza, ndiyo. Lakini mkono wa fundi haujui kununa. Alipoanza kukunja bati la nundu mpya, kulipigapiga juu ya bomba ili lishike mviringo, kulipeleka kwenye tairi na kulirudisha, alijikuta anapiga mluzi. Aliacha nafasi ya vidole viwili kati ya tairi na bati, kila upande, ili gari likiyumba lisikwaruze. Alichomelea kidogo kidogo, hapa kisha kule, bati lisipate joto likapinda. Mshono akausugua mpaka ukitelezesha kiganja huuoni. Watu wa gereji wakawa wanakuja kutazama na chai mkononi. Akipongezwa, moyo unapanda; akikumbuka anachokitengeneza, unashuka. Alishinda hivyo, juu na chini, mpaka ikawa anaogopa hata kupongezwa.

Angeweza kuiharibu. Wazo hilo lilimjia amelala chini ya ekseli: akate vibaya kidogo, aseme bati limeoza, kazi haiwezekani, turudishe matairi ya zamani. Akalifikiria kwa dakika nzima, akaona haya peke yake kule chini, akaendelea kukaza bolti.

Nyumbani mke wake aliacha kumuuliza. Hilo lilimtisha kuliko maswali. Alimwekea maji ya kuoga, akamweleza habari za watoto, akalala ameelekea ukutani. Mwezi nao ulikuwa unakwenda.

Pikapu ikakamilika. Kusema haki ilipendeza. Ilikaa chini, pana nyuma, matairi yamejaa ndani ya ubavu wa bodi kama yalizaliwa humo. Kwenye lile bodi sasa nundu mbili kubwa zilikaribia kukutana, na katikati pakabaki njia nyembamba, pa kulaza ngazi labda. Shemeji mtu alizunguka mara mbili tatu akiwa amekosa maneno, jambo ambalo kwake halikuwa la kawaida.

"Tuijaribu kwanza mimi na wewe," mzee akamwambia Mkwe. "Yeye ataichezea baadaye."

Wakaenda wawili, Mkwe akiendesha. Ilishika barabara vizuri. Walipoyapita maduka, mzee akasema huku anatazama mbele:

"Mwanangu, mimi gari hili niliwapa nyinyi. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, baba."

"Huyu mdogo wenu aliponiletea habari za tairi, nikasema ngoja nimuulize mwenye gari mbele yake. Nilikuuliza makusudi. Nilitegemea utasema hapana, na yeye anakuheshimu, angeona haya akaacha. Ukasema inawezekana." Mzee akacheka kidogo. "Nikaleta na kiti. Nikasema labda mbele ya mdogo wake ameshindwa, atasema tukiwa wawili. Nikakuuliza una neno. Ukaniambia habari za bati."

Mkwe akafungua kioo.

"Basi nikaelewa," mzee akasema. "Nilikuwa na hofu, nikuambie ukweli. Mama yenu hapati usingizi, anasema hawa watatuondokea na wajukuu. Ulipolikata lile bodi kwa mkono wako mwenyewe, bila mtu kukulazimisha, nilimwambia mama yenu alale. Nikamwambia, ameamua kukaa na sisi."

Nafasi ilikuwa bado ipo. Mwezi haujaisha, fremu haijapangishwa, na mzee amefungua moyo wake kuliko alivyowahi kufanya. Gari lingine lingeweza kutafutwa. Mkwe alipunguza mwendo, akasogea kando ya barabara, akasimama.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

Akamtazama. Mzee alikuwa na furaha usoni, furaha ya mtu aliyetua mzigo.

"Breki za nyuma zinavuta upande mmoja. Nitazirekebisha."

"Wewe ndiye fundi," mzee akasema, akamgusa goti. "Halafu kuna jingine. Pale nyuma, palipo na yale magari mabovu, nitapasafisha. Nitawaongezea vyumba viwili, mpanuke. Vya kwenu kabisa, wewe na watoto, mpaka mimi nizikwe na baada yangu."

Waliporudi uani, shemeji mtu alikuwa anangoja na rafiki zake, akapewa ufunguo. Mkwe akapita kati ya magari, akaingia chumbani. Mke wake alikuwa amesikia pikapu ikiondoka, na alikuwa amesimama katikati ya chumba, mtandio begani, kama mtu anayetaka kwenda mahali.

"Mlikuwa wawili peke yenu," akasema. "Mmezungumza?"

"Alizungumza yeye. Anajua gari alitupa sisi. Alikuwa anajua toka mwanzo, alikuwa anangoja niseme."

Mke akakaa kitandani taratibu. "Ukasema?"

"Anatujengea vyumba viwili. Hapo nyuma."

Kompresa ikawashwa upande wa pili. Mke alingoja mpaka ilipotulia.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nikamshukuru."