Mstari Mnene Ulionifanya Niitwe Mwongo

Daktari Muturi, msimamizi wangu chuoni, alinirushia grafu yangu mbele ya wenzangu wote.

"Makandi, umepika hizi namba. Peleka uongo wako huko!"

Sikuwa nimepika kitu.

Mimi ni msichana wa Laare, na wakati huo nilikuwa nasomea uzamili wa fizikia kwa chuo kimoja hapa Embu. Kazi yangu ilikuwa kupima amonia. Unapitisha mwanga wa leza kwa gesi, amonia inameza rangi fulani tu, na kwa skrini unaona mstari. Ukiichanganya na gesi nyingine, molekuli zinagongana, mstari unanenepa. Mimi nilichanganya na heliamu ya mtungi wa maabara. Hiyo hugonga kiupole, kwa hivyo mstari haufai kunenepa sana.

Wangu ulinenepa vibaya. Kila nikirudia, ni ule ule.

"Futa, uandike ya kitabu," Daktari akasema, "ama nikutoe kwa huu utafiti."

"Siwezi kuandika kitu sijaona, Daktari."

"Basi rudi Laare ukachume miraa!"

Hiyo iliniuma. Baba yangu huchuma miraa, na hajawahi kudanganya mtu.

Jumamosi akatuita wanafunzi wake kwake mtaani Majimbo tukapange viti vya sherehe. Binti yake, Karimi, alikuwa amefuzu. Nilienda nimenuna.

Kuingia sebuleni, maputo yamejaa darini, yanavuta kamba.

Aki, puto la kupuliza kwa mdomo halipai; hiyo ni heliamu!

"Mama Karimi, hii gesi mmetoa wapi?" nikamuuliza mkewe.

"Ilibaki kwa mtungi wetu mdogo baada ya harusi ya dadangu. Si Daktari aliileta kutoka kazini! Mtungi wa huko akapelekea fundi wa tairi ajaze upepo, ati usionekane mtupu." Akacheka.

Kumbe nilikuwa napima upepo wa tairi, unaogonga kwa nguvu kuliko heliamu!

Daktari alisimama mlangoni na sahani ya mukimo. "Makandi, usiniharibie siku."

"Ulijua!" nikapaza sauti, wageni wakageuka. "Ulijua mtungi una nini, na bado ukaniita mwongo!"

Mkewe aliacha kucheka.

Nilimshtaki kwa idara. Mtungi mpya ulipokuja, mstari ukakonda vizuri. Nikapewa msimamizi mwingine, nikamaliza.

Yeye? Alipewa onyo tu. Bado anafundisha. Nikimwona mjini damu inachemka.

Mkubwa akikulazimisha ufute kitu umejionea mwenyewe, usifute. Muulize kwanza anaficha nini.