Ndoo ya Mzee Leodegar

Elinipendo alikuwa hakai. Kiti alichopewa ofisini mwaka tisini na moja kilibaki kipya mpaka watu wakakiazima kikawa cha wageni. Ukimtafuta, hayupo: yuko wodini anabishana na ndugu wa mgonjwa, au yuko Njoro anatafuta nyumba ya mama aliyeacha kichanga kitandani, au yuko huko juu vijijini, viatu vyake vya mitumba vya soko la Memorial vimejaa tope. Alikuwa Afisa Ustawi wa Jamii wa hospitali yetu pale Moshi, na wagonjwa walimwita Mama Ustawi. Mimi Salvina, mhudumu wa kufagia na kubeba ndoo, nilimwita Dada Eli, na jamani, alinichosha!

"Dada Eli, keti basi unywe hata chai."

"Nikiketi nasinzia, Salvina."

Muongo. Kila kitanda kilikuwa kinamwita. Daktari akishughulika na mguu, yeye anataka kujua mwenye mguu atarudi kwa nani, nani atampikia, na mbona haongei. Wenzetu walimcheka kwamba huyu wa Machame ni mmbea mwenye mshahara. Naye alicheka nao, akaendelea kuuliza maswali.

Mwaka tisini na sita, mwezi wa tano, mvua zimekolea, wakamleta mzee Leodegar kutoka Uru, huko huko kwetu. Kisukari. Mguu wa kulia ulikuwa umeoza kuanzia vidole mpaka juu ya kifundo. Daktari akamwambia lazima ukatwe kesho, la sivyo sumu itapanda na hatamaliza wiki. Mzee akaitikia kwa adabu, "Aika," yaani ahsante, na daktari akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa amekubali. Asubuhi walipokuja na machela, mzee akang'ang'ania chuma cha kitanda kwa mikono miwili. Alisema yeye alishukuru tu, hakuna aliyemsikia akisema ndiyo.

Walimsihi siku mbili. Mkewe akalia, padre akaja, wapi! Daktari akasema mzee anaogopa kisu. Homa ilikuwa inapanda na harufu, Mungu nisamehe, ilitukimbiza wodi nzima. Dada Eli ndiye aliyekwenda kuketi ukingoni mwa kile kitanda, pua wazi, akamuuliza, "Baba, mguu ukishakatwa, unaogopa utapelekwa wapi?"

Mzee akamgeukia. "Afadhali umeuliza wewe. Kisu sikiogopi. Mimi nikifa nitazikwa kihambani kwetu, kwenye migomba, alipolala baba yangu. Mguu wangu je? Mtautupa wapi nyie?"

"Nitaupeleka Uru mimi mwenyewe. Mama atanionyesha pa kuuzika."

"Unaapa?"

"Naapa, baba."

Mzee akaomba kalamu atie sahihi.

Hayo yote mimi sikuyajua. Alinisimulia baadaye. Aliyafanya kimya kimya, maana utaratibu wa hospitali ulitaka kila kilichokatwa kichomwe moto, naye hakutaka kuulizwa. Walioambiwa ni nesi wa chumba cha upasuaji na Basili, dereva wa pikapu ya parokia. Basi.

Siku ya upasuaji zamu ilikuwa yangu. Dada Eli akanipita mbio kwenye korido kama kawaida yake, akanirushia maneno bila kusimama, "Salvina, ndoo ya mzee ipeleke nyuma, haraka!"

Sasa nisikilizeni vizuri. Sisi wahudumu hatutamki neno kuchoma mbele ya wagonjwa. Tunasema nyuma. Kupeleka nyuma ni kupeleka kwenye tanuri la taka, kule nyuma ya jengo la kufulia, na miaka tisa nilikuwa sijui maana nyingine. Nyuma yake yeye ilikuwa nyuma ya ofisi yake, ambako Basili alikuwa anasubiri na pikapu. Nikabeba ndoo. Ilikuwa nzito kuliko nilizozoea. Nikafanya kazi yangu.

Alinikuta naiosha.

"Ndoo ya mzee iko wapi?"

"Si hii hapa. Nimeshapeleka nyuma."

"Nyuma natoka sasa hivi, hakuna kitu." Halafu akaona masizi kwenye mikono yangu, akashika ukuta.

Akanieleza yote. Kisha hasira ikanipanda, sitadanganya. "Wewe ndiye uliyesema nyuma! Ungesimama dakika moja tu ukaongea kama watu!" Ndipo nikamwambia tukate kipande cha mgomba, tukifunge kwenye kanga, Basili akipeleke. Nani atafungua kuangalia?

"Nilimwahidi mguu, Salvina. Sikumwahidi mgomba."

Kesho yake mzee alipokuwa na akili zake sawasawa, Dada Eli akamwambia ukweli. Alisema kosa ni lake. Jina langu hakulitaja. Mzee akageukia ukutani. Akakataa uji, akakataa mtori wa mkewe, akakataa sindano, akakataa kidonda kuoshwa. Siku ya pili homa ikarudi, na daktari akasema wazi kwamba tunampoteza mtu aliyekwisha kupona. Dada Eli alikwenda akarudi, akaenda akarudi, mzee hampi hata salamu. Na mimi napita hapo na dekio langu. Mtu anakufa kwa sababu yangu na mimi nadeki!

Siku ya tatu sikuvumilia. Nilikata jani la sale kwenye uzio wa jirani wa hospitali, nikalifunga fundo. Kwetu Wachagga ukimkosea mtu ukamletea sale, hana budi kukusamehe, hata kama umemuulia ndugu. Nikapiga magoti pale kitandani.

"Shikamoo, baba. Aliyebeba ndoo ni mimi. Mimi wa Uru, binti wa Aristides."

Akalitazama lile jani mpaka nikadhani hatalipokea. "Binti wa Aristides ndiye amenichoma?"

"Ndiye, baba."

"Umenionea," akasema, na machozi yakamtoka. "Nilitaka nife nimewakasirikia, nawe unaniletea hili." Akalichukua. Mkewe akakimbilia bakuli la uji kabla hajabadili mawazo.

Alipomeza vijiko vitatu akamwona Dada Eli amesimama mlangoni.

"Jivu liko wapi?"

"Liko tanurini, baba. Lakini limechanganyika na la watu wengine. Siwezi kukudanganya, sijui lipi ni lako."

"Watu gani hao?"

"Wagonjwa waliokatwa kama wewe. Wengine hawana hata ndugu wa kuwauliza, nimewatafuta mpaka nimechoka."

Mzee akasukuma kijiko pembeni.

"Basi lichote lote, mama, ulipeleke Uru. Wasio na kwao watalala kwangu."