Namba ya Babu

Jibu kutoka ofisi ya kumbukumbu za jeshi, Uingereza, lilinipata gereji ninakofanya kazi, hapa Ghala, Uarabuni, mikono imejaa grisi. Walisema hawawezi kujua babu alikuwa kikosi gani cha mizinga ya kutungua ndege bila namba yake ya jeshi. Jina peke yake halifai kitu.

Nikampigia mama, Kenya.

“Namba ilikuwa kwenye cheti chake cha jeshi, mwanangu. Na hicho cheti hakikuwahi kutoka mfuko wa ndani wa koti.”

Sikuuliza koti gani. Babu alipofariki, kafili wangu, mwajiri anayeshikilia kibali changu, alininyima likizo ya kwenda kumzika. Nikawapigia nyumbani kwa hasira, nikawaamuru wamzike na koti lake la jeshi, na mtu asiiguse mifuko.

Walinitii.